Jaji Asiye na Umri wa Kustaafu: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita, ndani ya jibu refu kuhusu mirathi, niliandika sentensi moja tu kwamba jaji wa mahakama za shirikisho za Marekani hana umri wa kustaafu kwa lazima. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko jibu lenyewe la mirathi. Nimechagua saba nitakazozijibu hapa, na kwa kuwa nimefanya kazi ya uwakili Mwanza kwa miaka mingi, nitarejea kwenye mahakama zetu kila mahali ambapo kufanya hivyo kutamsaidia msomaji kuelewa za wenzetu.

Wakili, habari za kazi. Nimesoma kwamba kesi ya mtu mzito huko Marekani ilisikilizwa na "mahakama ya wilaya". Inawezekanaje? Mahakama ya wilaya ninayoijua mimi ni ile ya hakimu, na nimekwenda pale kwa kesi ya deni. (Mfanyabiashara, Igoma)

Neno ndilo lililokupoteza, ndugu yangu, wala kosa si lako. Mahakama za kwanza za shirikisho zina jina ambalo likifasiriwa neno kwa neno linakuwa "mahakama ya wilaya", lakini wilaya hiyo si kama Nyamagana wala Ilemela. Ni eneo la kimahakama linaloweza kuwa jimbo zima au kipande cha jimbo kubwa. Nchi yote ina maeneo 94 ya namna hiyo, na jimbo la New York peke yake lina manne. Anayeketi humo ni jaji kamili, na ukitaka kumfananisha na mtu wa kwetu, mfananishe na jaji wa Mahakama Kuu. Kwa hiyo katika majibu haya nitaiita mahakama ya kwanza ya shirikisho, ili tusichanganyane.

Kila jimbo la Marekani lina sheria zake na mahakama zake, na mashauri mengi ya watu wa kawaida, kama talaka, wizi wa nyumbani au ugomvi wa mpaka wa kiwanja, huishia huko. Mahakama za shirikisho husikiliza makosa dhidi ya sheria za taifa zima, mashauri yanayogusa Katiba, kesi ambazo serikali kuu ni mdaawa, yaani mmoja wa wanaoshtaki au wanaoshtakiwa, na madai kati ya wakazi wa majimbo tofauti yanayozidi dola 75,000. Sisi hatuna muundo huo, ingawa unaweza kupata picha kidogo ukikumbuka kwamba Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Bara ina yake, na kwa mashauri mengi njia zote mbili hukutana kwenye Mahakama ya Rufani.

Nafasi za majaji wa mahakama hizi za kwanza ni zaidi ya 670 kwa nchi yote. Juu yao kuna mahakama za rufaa, na juu kabisa kuna Mahakama ya Juu yenye majaji tisa, ambao ndio tunaowaona kwenye televisheni. Lakini kule juu shahidi hafiki. Majaji wa rufaa husoma makaratasi, ilhali jaji wa mahakama ya kwanza ndiye anayemtazama shahidi akitokwa jasho kizimbani, na ndiye anayesikia sauti ikitetemeka au ikijikaza. Kwa sababu hiyo nimefurahi kwamba barua zenu zimemhusu yeye.

Shikamoo Wakili. Mimi ni binti wa mwaka wa pili wa sheria hapa Nyegezi. Mtu anafikaje kuwa jaji wa shirikisho? Je, kuna mtihani? Na wanawake walianza lini kukalia kiti hicho? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba, binti yangu. Hakuna mtihani, wala hakuna chuo cha majaji ambacho mtu hupitia kwanza ndipo aapishwe. Jambo litakalokushangaza zaidi ni kwamba Katiba ya Marekani haikutaja sifa yoyote ya jaji. Haikutaja umri, wala shahada ya sheria, wala miaka ya uwakili, wakati Katiba yetu inadai uzoefu usiopungua miaka kumi, na Rais wetu huteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kule Rais hupendekeza jina, na Seneti, yaani baraza la juu la Bunge lao, hulikubali au hulikataa kwa kura. Kabla ya kura hiyo makachero wa FBI huchunguza maisha ya mtu huyo, naye hujaza dodoso refu kuhusu kila alichoandika na kesi alizosimamia, kisha huhojiwa hadharani mbele ya kamati. Siasa imo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kila Rais hutafuta watu anaodhani wana fikra zinazokaribiana na zake. Wengi wanaofanikiwa walikuwa waendesha mashtaka, mawakili wa muda mrefu au majaji wa majimbo.

Kuhusu wanawake, wa kwanza kuingia mahakama hizi za kwanza alikuwa Burnita Shelton Matthews, mwaka 1949. Lakini ninayetaka umjue vizuri ni Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, kwa sababu ukiyafuata maisha yake utaelewa mambo ambayo kitabu cha sheria hakitakueleza.

Alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa New Haven, kwa wazazi waliotoka kisiwa kidogo cha Nevis katika bahari ya Karibi. Baba yake alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi wa Yale, na nyumbani hapakuwa na fedha ya kumpeleka chuo. Baada ya kumaliza sekondari alisimama kwenye mkutano wa kituo cha jamii akaeleza, bila kung'ata maneno, kwa nini watu weusi hawakukitumia kituo kile. Mfadhili wa kituo hicho, mfanyabiashara mzungu aliyeitwa Clarence Blakeslee, alikuwapo na akamsikia. Badala ya kukasirika akauliza binti huyo ni nani, akajitolea kumlipia masomo, na mwaka 1946 Constance akahitimu sheria Columbia.

Alijiunga na mawakili wa haki za watu weusi waliokuwa chini ya Thurgood Marshall. Yeye ndiye aliyeandika hati ya madai ya mwanzo katika shauri la Brown, ambalo mwaka 1954 lilifuta uhalali wa kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma. Alimsimamia James Meredith hadi mwaka 1962 akapokelewa kuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Mississippi, katika siku ambazo kwa wakili mweusi kwenda tu katika mahakama za jimbo lile kulihitaji moyo. Mbele ya Mahakama ya Juu alisimamia mashauri kumi, akashinda tisa.

Rais Lyndon Johnson alimpendekeza Januari 1966. Mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayohusika na majaji alikuwa James Eastland, seneta wa Mississippi ile ile, naye alilikalia jina lake kwa miezi. Seneti ilimwidhinisha mwishoni mwa Agosti. Mwaka 1975 akapangiwa shauri la wakili mwanamke aliyeishtaki kampuni kubwa ya uwakili kwa kuwabagua wanawake katika ajira, na upande wa utetezi ukamtaka ajitoe, kwa hoja kwamba yeye ni mwanamke mweusi aliyetetea haki za wanyonge maisha yake yote. Sisi tungesema wanahofia kesi ya nyani isipelekwe kwa ngedere. Akakataa kujitoa, na jibu lake kwa ufupi ni kwamba kila jaji ana jinsia na kila jaji ana rangi, kwa hiyo kama hayo yangetosha kumwondoa mtu, asingebaki jaji hata mmoja wa kulisikiliza shauri lile. Naomba ulisome jibu hilo kwa ukamilifu siku moja, binti yangu, kwa sababu hata hapa kwetu maombi ya kumtaka jaji ajitoe mara nyingi huletwa kwa hofu tupu bila ushahidi.

Mwaka 1978 aliamua kwamba mwandishi wa habari za michezo, Melissa Ludtke, hakustahili kuzuiwa kuingia chumba cha wachezaji kufanya mahojiano kwenye uwanja wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, ilhali waandishi wanaume waliingia. Mwaka 1982 akawa jaji kiongozi wa eneo lake la kusini mwa New York. Alifariki mwaka 2005 akiwa bado ni jaji. Na ukipenda kulinganisha, hapa Tanzania Julie Manning ndiye mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Sheria.

Wakili, salaam. Mimi nilikuwa karani wa mahakama enzi ambazo jaji aliandika ushahidi wote kwa mkono, shahidi akisubiri kalamu ifike mwisho wa mstari. Je, jaji wa huko siku yake inakwendaje? (Karani mstaafu, Kirumba)

Salaam, mzee wangu. Swali lako limenikumbusha vidole vya majaji niliosimama mbele yao nilipokuwa wakili mchanga, vyenye wino hadi jioni, na mawakili tukifundishwa kuuliza swali, kunyamaza, kuitazama kalamu, ndipo tuulize lingine. Kule kazi hiyo huifanya mnukuzi rasmi, anayeketi chini ya meza ya jaji na mashine yake ndogo, akinasa kila neno kadiri linavyotamkwa. Jaji hubaki na mikono huru na macho huru. Naamini jambo hili, linaloonekana dogo, limebadilisha namna ya kuhukumu kuliko majoho na nembo zote, kwa sababu jaji anayeandika hawezi wakati huohuo kumtazama shahidi usoni. Nafurahi kwamba mahakama zetu nazo zimeanza kutumia mifumo ya kunukuu mwenendo wa shauri kwa kompyuta.

Shauri likifunguliwa, kwa kawaida hupangiwa jaji kwa bahati nasibu, ili mdaawa asijichagulie wa kumhukumu, na jaji huyo hulibeba tangu hati ya kwanza hadi mwisho. Ana wasaidizi wa sheria wawili au watatu, mara nyingi vijana waliotoka chuoni na ufaulu wa juu, wanaomtafutia maamuzi ya rejea na kumwandalia rasimu. Sehemu kubwa ya wiki haipiti kwenye kesi zenye mashahidi. Hupita kwenye maombi madogo, mapingamizi ya mawakili juu ya nyaraka, dhamana, na maridhiano. Katika jinai, zaidi ya washtakiwa tisa kati ya kila kumi wanaotiwa hatiani huwa wamekiri makosa kwa makubaliano na upande wa mashtaka, utaratibu ambao nasi tuliuingiza katika sheria zetu mwaka 2019. Kazi ya jaji hapo ni kumuuliza mshtakiwa ana kwa ana, swali baada ya swali, kama anaelewa anachokiacha na kama hakuna aliyemtisha.

Zinazofika kusikilizwa husikilizwa mara nyingi pamoja na juri, yaani raia wa kawaida, kumi na wawili katika jinai, wanaoitwa kutoka makazini kwao kuja kuamua kama ukweli uko upande gani. Wewe unawakumbuka wazee wa baraza walioketi na jaji kwenye kesi za mauaji, lakini tofauti ni kubwa. Wazee wetu walitoa maoni, na jaji hakufungwa nayo. Juri ya Marekani ndiyo inayoamua mtu ana hatia au hana, na katika jinai ni lazima wote kumi na wawili wakubaliane. Jaji husimamia sheria, huamua ushahidi upi waruhusiwe kuusikia, kisha huwafafanulia sheria kwa lugha wanayoielewa.

Baada ya hapo huja saa ambayo majaji wengi huiona nzito kuliko zote, saa ya kutoa adhabu. Kuanzia mwaka 1987 walikuwa na mwongozo uliowabana kwa jedwali la miezi na miaka, na tangu mwaka 2005 Mahakama ya Juu imeufanya kuwa wa ushauri tu. Kwa hiyo jaji hulitazama jedwali, humtazama mtu aliyesimama mbele yake na mama yake aliyeketi nyuma, kisha hubeba mwenyewe jukumu la idadi ya miaka atakayoitamka.

Mheshimiwa, mtu akipewa kazi hadi kufa, atamwogopa nani? Na akizeeka akasahau, nani atamwambia? (Mzee wa Nansio, Ukerewe)

Shikamoo mzee. Katiba yao inasema majaji watashika nafasi zao kwa muda wote ambao mwenendo wao ni mwema. Haina tarehe ya mwisho. Akivurunda kimaadili, Baraza la Wawakilishi, ambalo kule ni baraza la chini la Bunge lao, linaweza kumshtaki na Seneti ikaisikiliza kesi hiyo. Tangu nchi yao ianzishwe, majaji wa shirikisho walioshtakiwa kwa njia hiyo ni 15, na waliopatikana na hatia na kuondolewa ni wanane tu, wa kwanza mwaka 1804 na wa karibuni mwaka 2010. Akikosea kisheria, hilo si kosa la kumwondoa mtu kazini. Dawa yake ni rufaa, kama ilivyo kwetu.

Kuhusu uzee, wana njia ya kati niliyoipenda. Jaji akifika miaka 65 na utumishi wa miaka 15, anaweza kuchagua kuwa jaji mwandamizi: anapunguziwa mzigo wa mashauri, anabaki na mshahara, na kiti chake kinahesabiwa kuwa wazi ili Rais ateue mwingine. Wengi huchagua hivyo. Wesley Brown wa Wichita, katika jimbo la Kansas, aliyeteuliwa na Rais John Kennedy mwaka 1962, aliendelea kusikiliza mashauri hadi alipofariki Januari 2012 akiwa na umri wa miaka 104, na katika miaka yake ya mwisho aliketi mahakamani na mrija wa oksijeni puani.

Hapa kwetu jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akitimiza miaka 60, na wa Mahakama ya Rufani miaka 65, ingawa Rais anaweza kumwongezea muda. Maoni yangu, mzee, ni kwamba kazi ya hadi kufa ina hatari uliyoiona wewe, na sidhani tunapaswa kuiiga. Lakini ninaona hatari nyingine kwenye huo muda wa nyongeza, kwa sababu jaji anayekaribia 60 hapaswi hata kwa dakika moja kuwaza kama uamuzi wa leo utampendeza atakayesaini barua yake kesho. Ningependa umri wetu uwe mkubwa zaidi, uandikwe wazi, na usiwe na nyongeza.

Analipwa kiasi gani? (Msomaji, Buzuruga)

Mwaka 2024 jaji wa mahakama ya kwanza ya shirikisho alilipwa dola 243,300 kwa mwaka, kiasi kilekile awe ameanza jana au ana miaka thelathini kazini. Ni fedha nyingi, ingawa wakili mkubwa wa New York hupata kupita hapo mara kadhaa. Lenye maana kuliko kiasi ni kwamba Katiba yao inakataza mshahara wa jaji kupunguzwa akiwa madarakani, ili Bunge lililokasirishwa na hukumu lisimkomoe kwa kumnyima unga.

Wakili, nilikuwa Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, na mlio ule sijausahau. Nilisikia kwamba kesi ilisikilizwa Marekani. Jaji wa huko alifanya nini hasa kwa ajili ya watu wetu waliokufa? (Mama wa Nyakato)

Pole mama, kwa uliyoyashuhudia. Siku ile balozi za Marekani zilipolipuliwa kwa mabomu, waliuawa watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, karibu wote wakiwa Waafrika. Kesi kubwa ilisikilizwa mwaka 2001 katika mahakama ya kwanza ya shirikisho jijini New York, mbele ya Jaji Leonard Sand, aliyeteuliwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Washtakiwa walikuwa wanne, mmoja wao Mtanzania. Tarehe 29 Mei juri iliwatia hatiani wote. Upande wa mashtaka uliomba adhabu ya kifo kwa wawili, lakini adhabu hiyo ilihitaji wajumbe wote kumi na wawili wawe na sauti moja, nao hawakuwa nayo. Mwezi Oktoba Jaji Sand akawahukumu wote wanne kifungo cha maisha, katika jengo lililo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye majengo pacha yaliyokuwa yameangushwa wiki chache tu nyuma yake. Hasira ya jiji lile siku hizo kila mmoja anaikumbuka, na bado jaji alitoa adhabu ileile ambayo juri ilikuwa imeiachia njia.

Shauri la pili ni gumu kulisimulia kwa mtu aliyeumizwa, lakini nitalisimulia. Mwaka 2010 Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alifikishwa mbele ya Jaji Lewis Kaplan wa mahakama hiyohiyo. Shahidi muhimu kuliko wote wa upande wa mashtaka alikuwa mtu aliyedaiwa kumuuzia baruti, na serikali ilimjua shahidi huyo kutokana na mahojiano ya mateso aliyofanyiwa mshtakiwa alipokuwa kizuizini mwa majasusi. Jaji Kaplan alimkataa shahidi huyo. Juri ikamwachia mshtakiwa kwa mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za serikali ya Marekani. Watu wengi walimlaumu jaji. Januari 2011 Jaji Kaplan huyohuyo alimhukumu kifungo cha maisha kwa shtaka hilo moja.

Umeuliza alifanya nini kwa ajili ya watu wetu. Nadhani alihakikisha kwamba hatia iliyotamkwa kwa jina lao isiwe imesimama juu ya neno lililotolewa kwa mateso. Naelewa kama jibu hilo halikutulizi, mama.

Wakili, haya ya Marekani ni mazuri kusoma, lakini mimi ni mzaliwa wa Muleba, ninaishi Nyamanoro, na shida yangu ni shamba la baba. Jaji mmoja anaweza kubadilisha nini katika maisha ya mwanamke kama mimi? (Mama wa Nyamanoro)

Mama, barua yako nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu jibu lake lilitolewa hapahapa Mwanza, na mwanamke aliyelifuata alitoka wilaya yako.

Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai mauzo yale ni batili, kwa kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke angeweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini hakuwa na uwezo wa kuliuza. Wala hakuwa akisema uongo, maana kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa katika sheria za mila za urithi tangu mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye ikamwamuru bibi kizee arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua. Mpwa akakata rufaa, na siku hizo rufaa za Kagera zilivuka ziwa kuja Mahakama Kuu ya Mwanza, zikampata Jaji James Mwalusanya.

Hukumu yake ya tarehe 22 Februari 1990 inasomwa leo katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi. Alisema Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, kwa hiyo sheria zilizokuwapo kabla yake, zikiwamo za mila, zisomwe kwa namna inayolingana nazo. Akaitaja pia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeiridhia. Kama mwanaume wa ukoo anaweza kuuza shamba la ukoo kwa masharti fulani, basi mwanamke naye anaweza, kwa masharti hayohayo. Hakuwa na juri, wala wasaidizi watatu wa sheria, wala ahadi ya kiti hadi kufa. Alikuwa na Katiba, faili lililovuka ziwa, na ujasiri wa kuandika alichokiona.

Ichukue hukumu hiyo, mama, ipo kwenye mtandao wa TanzLII na mtoto yeyote mwenye simu atakuchapishia, kisha uipeleke kwa msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe pamoja na wosia wa baba, kama upo. Mtu akikwambia kwamba binti hauzi shamba la ukoo, mwonyeshe mahali jaji alipofunga shauri. Hakuufuta ukoo. Aliupa miezi sita wa kulikomboa shamba, kwa kumlipa mnunuzi shilingi 300,000 zake, na wasipolipa libaki kuwa la mnunuzi. Bi. Holaria hakutakiwa kurudisha hata shilingi moja.